Tahkimu ya Hiari na Tahkimu ya Kulazimishwa

Limeulizwa katika darsa yetu hapa Eldoret suala ambalo tumeona lafaa kuandikwa, ili lisomwe pia na ndugu zetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na kwingineko Pwani. Mtu akitaka kutumia huduma ya kampuni fulani katika simu yake, huwekewa kwanza masharti marefu, na chini yake pana neno "Nakubali". Akilibonyeza huruhusiwa kuingia. Asipolibonyeza hufungiwa mlango. Masharti mengi humo ni ya kawaida, lakini karibu na mwisho mara nyingi hutiwa sharti kwamba ukizuka ugomvi baina ya mteja na kampuni, mteja hatakwenda mahakamani. Ugomvi utapelekwa mbele ya msuluhishi, na atakalolikata huyo ndilo la mwisho. Je, aliyebonyeza neno lile amekwisha poteza haki yake ya kushitaki? Na je, hii siyo ile tahkimu ambayo dini yetu imeiruhusu na kuisifu?

Ndani ya suala hili mna maswali mawili, na hayafai kuchanganywa. Tutaanza na la pili, maana likifahamika hilo, la kwanza huwa jepesi.

Sisi husema "usuluhishi" na kukusudia mambo mawili mbalimbali. Iko sulhu, nayo ni kupatanisha: mtu wa kati huwasikiliza wagomvi, huwanasihi, huwasogeza, wala hana amri juu yao. Wakikataa shauri lake huondoka kama walivyokuja. Na iko tahkimu, ambayo ni kumfanya mtu kuwa hakamu, yaani wagomvi kumpa mamlaka ya kukata neno, na akishalikata huwafunga wote wawili. Sharti lililomo katika mikataba ya makampuni ni la namna hii ya pili. Tatizo ni kwamba kwa Kiswahili huitwa usuluhishi, neno laini, na msomaji hudhani kuwa ataitwa barazani kunywa kahawa na kupatanishwa. Sivyo. Anaitwa kuhukumiwa, na njia ya kukata rufani karibu yote imezibwa.

Tahkimu yenyewe ni jambo jema. Aya ya 35 ya Sura ya An-Nisaa yaagiza kwamba mume na mke wakiogopewa kufarikiana, aletwe hakamu kutoka jamaa za mume na hakamu mwingine kutoka jamaa za mke. Angalieni, ndugu zangu, mpango huo: kila upande una mtu wake, na ugomvi umekwisha kuwapo, wala si wa kudhaniwa. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wengi wa Pwani yetu, wameyafafanua masharti ya jambo hili. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria (1277), ameeleza katika Minhaji, kitabu ambacho misikiti yetu imekisomesha vizazi na vizazi, kwamba mmoja wa wagomvi akirejea nyuma kabla ya hukumu kutoka, hakamu hana tena ruhusa ya kuhukumu. Ama hukumu ikishatoka, kwa kauli iliyo na nguvu zaidi, haihitajiwi ridhaa mpya. Na Majalla ya Dola ya Uthmaniya, iliyokamilishwa mwaka 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi, kifungu chake cha 1847 champa kila mmoja wa wagomvi haki ya kumwondoa hakamu kabla hajahukumu, isipokuwa kama kadhi amekwisha mthibitisha.

Basi roho ya tahkimu ni ridhaa, na ridhaa hiyo sharti iwe hai mpaka dakika ya hukumu. Si ridhaa iliyotolewa mara moja, miaka mitano kabla ya ugomvi, na mtu asiyejua kama ameitoa.

Hapa mwenye kujadili atasema: Waislamu wameamrishwa kushikamana na masharti waliyowekeana, nanyi mwataka kuwafundisha watu kuvunja ahadi. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba mkataba ni amana. Mfanya biashara wa mahindi wa Eldoret akiandikiana na mwenye ghala wa Mombasa kwamba wakihitilafiana watamwendea fulani, mjuzi wa nafaka, sharti hilo lina maana na faida. Wote wawili wanajua wanachokiandika, wote wawili wangeweza kukataa, na yule fulani anajulikana. Serikali za leo, hata za nchi za Kiislamu, huyapa nguvu masharti kama hayo baina ya wafanya biashara, na hatuoni ubaya.

Lakini mikataba ya simu si ya namna hiyo. Mabingwa wa sharia wa nchi za Kiarabu wameipa jina lake, huiita mikataba ya idh-ani, yaani ya kunyenyekea: upande mmoja huyaandika masharti yote, na upande wa pili hana ila kukubali yote au kuacha yote. Sharia ya madai ya Misri ya mwaka 1948, katika kifungu cha 149, imempa hakimu uwezo wa kuyarekebisha au kuyaondoa masharti ya dhulma katika mkataba wa aina hii, na imebatilisha mapatano yoyote ya kumnyang'anya hakimu uwezo huo. Na Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa ilipokutana Doha mwaka 2003 iliitazama mikataba hiyo ikaona kuwa ni lazima serikali iisimamie, ili yaliyo ya haki yabaki na yaliyo ya dhulma yarekebishwe. Kwa hivyo hapana anayefundisha kuvunja ahadi. Linaloulizwa ni kama pametoka ahadi.

Sasa tuingie katika mambo ya kidunia, maana huko ndiko wengi wanakoumia bila kujua. Kwa nini makampuni yalipenda sharti hili? Jibu ni hesabu. Kampuni kubwa ikimkata kila mteja senti chache isizostahili, hapana mteja mmoja atakayeona faida kushitaki kwa senti hizo. Wateja wakijumuika wakashitaki kwa pamoja, jumla huwa mamilioni. Sharti la usuluhishi huwatenganisha: kila mtu peke yake, mbele ya hakamu, kwa faragha. Huko Marekani iko sharia ya usuluhishi tangu mwaka 1925, iliyotungwa wakati watu wakiwaza ugomvi wa wafanya biashara wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2011 ililetwa mbele ya Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo kesi ya watu wawili waliotozwa kodi ya dola 30.22 kwa simu zilizotangazwa kuwa ni za bure. Walitaka kushitaki pamoja na wengine waliotozwa kama wao. Majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba sharti la usuluhishi lishikwe, na kila mtu aende peke yake. Ni nani atakayefunga safari kwa dola 30?

Ubaya wa sharti hili ulionekana wazi zaidi mwaka 2024. Mume mmoja alikuwa ameishitaki Disney kwa sababu ya kifo cha mkewe, aliyekufa mwaka 2023 baada ya kula katika mkahawa ulioko eneo la kampuni hiyo Florida. Mume alidai kwamba walihakikishiwa kuwa chakula hakina kitu kilichokuwa kikimdhuru. Mawakili wa kampuni walijibu kuwa mume huyo alijiandikisha mwaka 2019 kutazama sinema za kampuni hiyo nyumbani, kwa majaribio, na katika masharti ya sinema alikubali usuluhishi. Basi kesi ya mauti ya mkewe nayo iende huko huko. Watu walipiga kelele dunia nzima, na Agosti 2024 kampuni ikaiacha hoja hiyo.

Hiyo ni kampuni iliyorudi nyuma kwa haya. Zilizorudi nyuma kwa hesabu ndizo nyingi, na kisa chao kina mafunzo. Masharti yalikuwa yakisema kwamba kampuni ndiyo italipa sehemu kubwa ya ada za usuluhishi, maana bila hivyo mahakama zingeliona sharti kuwa ni dhulma dhahiri. Mawakili wa wateja wakapiga bongo: ikiwa kila mtu lazima aende peke yake, basi na waende wote, mmoja mmoja, kwa siku moja. Wachukuzi wa chakula 5,010 wa DoorDash walifungua madai yao hivyo, na ada iliyoipasa kampuni ilikuwa dola 1,900 kwa kila mmoja. Msomaji apige hesabu mwenyewe: ni zaidi ya dola milioni 9.5 kabla shahidi hata mmoja hajasikilizwa. Kampuni ikakataa kulipa, na mahakamani ikaomba isilazimishwe na sharti lake yenyewe. Februari 2020 hakimu aliikatalia, akaiamrisha iingie usuluhishini kama ilivyoandika. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Amazon ilipofikiwa na madai zaidi ya 75,000 ya namna hii juu ya vipaza sauti vyake vya nyumbani, mwaka 2021 ililifuta kabisa sharti la usuluhishi katika masharti ya wateja wake. Valve, wauzaji wa michezo ya kompyuta, nao wakafanya hivyo Septemba 2024 baada ya kushambuliwa kwa njia ile ile. Wako walioshangilia na kusema kwamba makampuni yametubu. Sisi hatuoni toba hapo. Mwenye duka aliyeondoa mizani mbovu kwa sababu imemkhasiri mwenyewe hajawa mwadilifu kwa hilo, ingawa wateja wake wamepata nafuu. Na tazameni walichokiandika mahali pa sharti lililofutwa: makampuni yote mawili yalisema kuwa kesi zitasikilizwa katika mahakama za wilaya ya King, jimbo la Washington, ambako yana makao yao. Mlango umefunguliwa, lakini uko ng'ambo ya bahari mbili. Kwa mtu wa Eldoret au wa Lamu, sharti la mahali laweza kuwa zito kuliko sharti la usuluhishi lenyewe.

Uzito huo wa mahali uliamua kesi mashuhuri ya Kanada. Mchukuzi wa chakula wa Uber katika jimbo la Ontario, mwenye pato la dola 400 mpaka 600 za Kanada kwa juma, alikuwa amekubali katika simu yake kwamba ugomvi wowote utasuluhishwa Uholanzi. Ada ya kuanzia tu ilikuwa dola 14,500 za Kimarekani. Tarehe 26 Juni 2020 Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada, majaji wanane dhidi ya mmoja, ilitamka kwamba sharti hilo ni batili. Huyu alikuwa mfanya kazi, si mnunuzi, lakini namna ya kukubali ni ile ile ya kidole kimoja. Na hapa kwetu Kenya, madereva walipoishitaki Uber Kenya, kampuni hiyo ilijitetea kuwa mkataba ni wa kampuni nyingine iliyoko Uholanzi, na yenyewe haihusiki. Mwaka 2021 Mahakama Kuu, Nairobi, ilikataa kuifuta kesi kwa hoja hiyo.

Sasa tulirudie swali la kwanza: mtu wa Kenya aliyebonyeza "Nakubali" amefungwa au hakufungwa?

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 159, yazitaka mahakama zistawishe njia nyingine za kumaliza ugomvi, usuluhishi ukiwamo. Wenye makampuni hukitaja sana kifungu hiki. Lakini kifungu cha 48 cha Katiba hiyo hiyo chaitaka serikali ihakikishe kuwa kila mtu aifikia haki, na kifungu cha 46 champa mtumiaji haki zake, pamoja na fidia akidhulumiwa. Kisha ipo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Humo imeandikwa kwamba sharti lolote katika mkataba wa mtumiaji linalolazimisha ugomvi upelekwe kwa usuluhishi ni batili, kwa kadiri linavyomzuia mtumiaji kufungua kesi Mahakama Kuu kwa haki aliyopewa na sheria hiyo. Na baada ya hapo imeongezwa kuwa ugomvi ukishatokea, pande mbili zina ruhusa kukubaliana kuumaliza kwa njia yoyote iliyo halali.

Someni tena maneno hayo, mkiyalinganisha na yale ya Minhaji. Bunge la Nairobi halikukusudia kufuata fiqhi, wala hatudai hivyo. Lakini limefika karibu na pale pale. Ridhaa ya kabla ya ugomvi haimzuii mtumiaji. Ridhaa ya baada ya ugomvi, hapo mtu anapojua anagombea nini na anagombana na nani, ndiyo inayohesabiwa.

Tuchukue mfano ulio karibu na kila nyumba. Masharti ya M-PESA, huduma ya Safaricom iliyoanza Machi 2007, yamekuwa yakichapishwa yakiwa na kifungu kwamba ugomvi usiomalizwa na wahudumu wa wateja upelekwe kwa msuluhishi mmoja, atakayechaguliwa kwa mapatano. Wasipopatana, ateuliwe na mwenyekiti wa tawi la Kenya la chama cha wasuluhishi chenye asili yake Uingereza. Kwa insafu lazima tuseme kwamba kifungu hiki ni bora kuliko vile vya Marekani tulivyovitaja, maana mteja ana sauti katika kumchagua hakamu, na hakamu ni wa nchini. Walakini ni wangapi katika sisi, tunaotuma fedha kila siku kutoka Eldoret kwenda kwa wazee wetu Pwani, tuliopata kukisoma? Na hakamu hulipwa na wagomvi wenyewe, hali hakimu wa serikali hulipwa na Hazina. Mama muuza nguo aliyepotelewa na shilingi 8,000, akiambiwa amtafute msuluhishi, amlipe sehemu ya ujira wake, na pengine asafiri zaidi ya kilomita 300 mpaka Nairobi, ataziacha shilingi zake. Sharti limefanya kazi yake bila hata kutumiwa.

Ukali wa usuluhishi waweza kuigusa hata kampuni yenyewe. Kampuni ya Nyutu Agrovet, iliyokuwa mgawaji wa bidhaa za Airtel, iligombana nayo kwa oda ya simu za kiasi cha shilingi milioni 11. Msuluhishi alitoa hukumu ya zaidi ya shilingi milioni 541. Mahakama Kuu iliitangua hukumu hiyo mwaka 2011, na kwa miaka mingi baadaye hawakubishania tena simu, bali kama ipo ruhusa ya kukata rufani. Mwezi wa Disemba 2019 Mahakama ya Juu ilisema ipo, lakini kwa nadra na kwa sababu kubwa tu. Hao ni wafanya biashara wenye mawakili. Mtu wa kawaida atafanyaje?

Atafanya hivi. Kwanza alete malalamiko yake kwa kampuni kwa maandishi, na aweke nakala, tarehe na nambari za miamala. Maneno ya kinywani katika simu hayashikiki. Asipopata haki, na dai lake halizidi shilingi milioni moja, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021. Na hapa Eldoret ipo. Mtu husimama mwenyewe bila wakili, na sheria yaitaka mahakama itoe hukumu katika siku 60. Kampuni ikitaka kuleta sharti la usuluhishi, Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 1995 yaipasa iombe kesi isimamishwe mapema, si baada ya wakati wa kujiandikisha kuwa inajibu mashitaka. Ikikaa kimya ikajitetea, imeupoteza wakati wake. Mawakili wake waweza pia kusema kuwa sheria ya watumiaji imeitaja Mahakama Kuu, haikuitaja ile ndogo. Wakisema hivyo, mtu asishituke: Mahakama Kuu nayo ina kituo chake Eldoret, na hapana haja ya kupanda basi la Nairobi.

Wako waliouliza kama dai la namna hii laweza kupelekwa kwa Kadhi. Haliwezi. Kifungu cha 170 cha Katiba kimeuwekea mpaka uwezo wa mahakama ya Kadhi: hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena pande zote ziwe za Waislamu na zikubali kuhukumiwa huko. Hata Kadhi, mwenye cheo chake kwa Katiba, hapewi mtu ambaye hakuridhia kusimama mbele yake.

Limebaki jambo moja linalotuhusu sisi wenyewe. Katika maduka yetu mengi, ya Eldoret na ya Mombasa, hati ya mauzo imepigwa mhuri kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Mteja hakuulizwa, na mhuri huuona akishalipa. Wanavyuoni wa Kishafii hawamkubalii muuzaji ajitoe katika lawama ya aibu aliyoijua na akaificha. Mnunuzi ana khiyari ya kurudisha, mhuri uwepo usiwepo. Wenye maduka waliomo katika darsa yetu wameombwa wautazame mhuri huo kabla ya mkutano ujao, na wako wawili waliokwisha uondoa.